Ditekta inapiga kelele kutwa nzima huku Chunya, geini na sauti niweke vipi?

MtotoWaLupa

Wakuu habari za mihangaiko. Naomba msaada wenu na mnivumilie maana nitaandika marefu kidogo.

Sisi ni vijana watatu tupo Matundasi. Msimu uliopita mmoja aliuza tumbaku, mwingine akauza ng'ombe wawili, mimi nikatoa akiba yangu ya bodaboda, tukaunganisha tukanunua ditekta, mashine ya kutafutia dhahabu ardhini, ya GPX 5000 used kwa jamaa mmoja aliyekuwa anaacha hii kazi. Mashine inawaka vizuri, betri inakaa, shida ni kelele. Yani ukiiwasha tu hedifoni zinapiga kama nyuki waliochokozwa, ukipeleka sahani, ile ya duara ya chini ya fimbo, kushoto inapiga, ukirudisha kulia inapiga, ukipita juu ya kijiwe cheusi ndo inalia kama mtoto amebanwa na mlango. Yule aliyetuuzia alituambia siri ya hii mashine ni kuweka kila kitu ful, geini ful, volyumu ful, ndo inafika chini kwenye mzigo. Kwa iyo geini ipo 20, stabilaiza, ile setingi ya kutuliza mlio, nayo tumepandisha mwisho, ile threshodi, ile sauti nyembamba inayolia muda wote, nimeishusha hadi haisikiki kwa sababu ilikuwa inanichanganya kichwa.

Jana nimehesabu mashimo 43 toka asubuhi mpaka saa kumi jioni. Tumetoa misumari ya zamani minane, vipande vya waya, maganda mawili ya risasi na kifuniko cha soda. Mashimo yote yaliyobaki hamna kitu kabisa, unachimba hadi magotini mlio unahama, unahamia pembeni, alafu unapotea. Usiku nikilala bado nasikia wiiii wiiii masikioni. Mwenzetu mmoja ameshaanza kusema tuiuze turudishe hela kabla haijafa mkononi.

Naombeni anayeijua hii kitu vizuri aniambie, geini niweke ngapi, threshodi iwe vipi, na nitajuaje kama mashine ni mbovu au ni mimi sijui kuitumia. Natanguliza shukrani.

---

SululuMkononi

Shusha geini hadi 8 leo hii hii. 20 kwa udongo wa huko ni kujitesa. Alafu rudisha setingi zote za kiwandani kwanza, huwezi jua mwenye nayo alikuwa anagusa gusa nini humo ndani.

---

MzeeWaMakongolosi

Kijana pole sana, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuuza.

Mimi kabla ya hizi mashine nilikuwa naosha mchanga kwa karai huko mto Lupa, kwa iyo udongo wa Matundasi naujua kwa mkono na kwa sikio. Ule wekundu wenye vijiwe vyeusi vizito ni chuma mtupu. Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu, ipitishe kwenye vumbi la hapo ulipochimba, utaona inavyoota ndevu. Sasa mashine yako kazi yake ni kupeleka umeme ardhini na kusikiliza kinachorudi, na ule udongo nao unarudisha. Ukiiwekea geini 20 hujaiongezea nguvu ya kwenda chini, umeongeza ukali wa kusikiliza, na inasikiliza kila kitu, udongo, mawe, msumari na dhahabu kwa pamoja. Ni kama umekaa kilabuni watu wote wanaongea alafu mtu akaongeza redio.

Kwanza jua kelele yako inatoka wapi, maana dawa zake ni tofauti. Nenda sehemu ya wazi, washa, inua sahani hadi usawa wa kiuno, ishike tuli kabisa usiitingishe, sikiliza. Ikinyamaza basi anayepiga kelele ni udongo. Ikiendelea kupiga ikiwa juu vile vile, kelele ni ya hewani, simu yako ya mfukoni, nyaya za umeme, au mwenzako ana mashine nyingine karibu. Na ikinyamaza ukiwa umeishika tuli ila ukiichezesha hewani bila kugusa kitu inalia, hapo shida ni sahani yenyewe au waya wake, aidha haujafungwa vizuri kwenye fimbo unacheza cheza au kuna kitu kimeingia.

Kama ni udongo, fanya hivi. Rudisha setingi za kiwandani kama mwenzangu alivyosema. Tafuta sehemu isiyo na chuma chini, hilo ni muhimu, ukisawazisha juu ya msumari umejiharibia kila kitu. Bonyeza kile kitufe cha kwenye mpini huku unashusha na kupandisha sahani taratibu, kutoka kama sentimita 30 juu mpaka karibu igusane na ardhi, mara kadhaa, utasikia mlio unapungua unapungua hadi ukipandisha na kushusha sauti haibadiliki. Hapo umesawazisha ardhi. Na siyo mara moja kwa siku, ukivuka kutoka udongo mwekundu kwenda kwenye changarawe nyeupe za korongoni unasawazisha tena, na jua la saa saba la Chunya mashine ikipata moto unasawazisha tena.

Geini anza na 8, tembea hatua kumi. Imetulia? panda 9. Imetulia? panda 10. Ikianza kukwaruza rudi namba moja nyuma, hapo ndo pako kwa siku hiyo na kwa udongo huo. Kesho panaweza kuwa pengine.

Sasa threshodi, na hapa ndipo nataka unisikilize sana mwanangu. Umeishusha hadi haisikiki, hapo umejifumba macho. Ile sauti nyembamba inayolia muda wote siyo kelele, ndiyo kazi yenyewe. Iweke iwe kama mbu aliyepo chumba cha pili, unamsikia lakini hakusumbui. Kitu kikubwa au cha karibu kitapiga chenyewe utakisikia hata ukiwa umesinzia. Lakini kipande kidogo kilichokaa chini hakipigi, kinaiyumbisha tu ile sauti, kama moto wa kibatari mtu anapopita karibu, unainama kidogo unarudi. Kama hauna uzi wa sauti masikioni, huo mwinamo utausikilizia wapi? Vipande vyangu vingi vilivyonisomeshea watoto havikuwahi kupiga kelele.

Tena badilisha toni. Ndani ya menyu unaweza kupandisha au kushusha wembamba wa sauti. Vijana huwa mnaipenda nyembamba, mimi umri umeenda, sauti nyembamba sana sikio langu la kushoto halizisikii tena, nimeiweka nzito na tangu hapo nimetulia. Kila mtu achague ya sikio lake. Mkiwa watatu mnapokezana, kila mmoja arekebishe yake, msiachiane.

Na pita taratibu. Mnachofanya vijana wengi ni kufagia uwanja.

---

MtotoWaLupa

Shikamoo mzee wangu, na asante mno, hii peke yake ningelipia hela.

Nimejaribu ile ya kuinua kiunoni. Majibu ni kwamba ikiwa tuli juu inapiga kidogo, siyo sana, ni kama mkwaruzo unakuja unaenda. Nikitoa simu mfukoni nikaiacha kwa mwenzangu mbali mkwaruzo umeisha kabisa, nilikuwa natembea na simu mbili wakuu! Ila sasa nikiichezesha hewani bado inalia, kila ikifika mwisho wa kulia inatoa "tik". Hiyo ni nini?

Na swali lingine naomba mnisamehe, nikiweka geini 9 wenzangu wanasema tunapoteza vile vya chini kabisa, na ndo tunavyovitafuta hivyo. Mwenye kutuuzia alisisitiza sana hii ya ful. Je, kina hakipungui?

---

FundiMwanjelwa

Mimi siyo mchimbaji, mimi ni fundi wa redio na amplifaya hapa Mwanjelwa Mbeya, lakini hizi mashine naletewa sana na hilo swali la geini naulizwa kila wiki ngoja nilijibu kifundi.

Kwa kitu kidogo kama punje ya dhahabu, mlio unaorudi haupungui kidogo kidogo kadiri unavyoenda chini, unaporomoka. Mawimbi ya sahani yanadhoofika yakishuka, alafu yale yanayorudi kutoka kwenye punje nayo yanadhoofika yakipanda, kwa iyo adhabu ni mara mbili. Kwa hesabu, kitu kidogo kikiwa mbali na sahani, ukizidisha umbali mara mbili mlio unakuwa sehemu moja ya 64. Siyo nusu, siyo robo, moja ya sitini na nne. Sasa fikiria wewe umetoka geini 10 ukaenda 20, umeongeza kipaza sauti lakini udongo nao umeongezeka vile vile. Ulichoongeza kwenye kina ni kidogo sana, ulichoongeza kwenye kelele ni chote. Mlio dhaifu wa chini unafichwa na kelele za juu ndo maana unachimba mashimo matupu. Tulivu ndo inafika chini.

Kinachoongeza kina kweli kweli ni ukubwa wa sahani na aina yake, aina ya taimingi, yani mpangilio wa mapigo ya mashine, uliyoweka kulingana na udongo, na kuibeba sahani karibu na ardhi. Watu wanaibeba sentimita kumi juu kwa kuogopa kuikwaruza, hizo sentimita kumi umezitupa hewani, hakuna geini itakayokurudishia.

Kuhusu aina ya sahani, angalia yako imeandikwa Mono au DD. Mono inaona kwa ndani zaidi kidogo ila kwenye udongo wa chuma inasumbuka, DD inatulia zaidi. Hakikisha na ile swichi ya mbele imeelekezwa kwenye aina hiyo hiyo. Nimeshaletewa mashine "mbovu" swichi ipo kwenye upande usio wake, nimesogeza kidole tu mtu akaondoka akiwa na furaha, sikumlipisha.

Pia kuna kitufe cha kujitafutia chaneli tulivu. Ukifika eneo, wenzako wakishazima au wakishaenda mbali, weka sahani tuli ubonyeze, inachukua karibu dakika nzima, usiitingishe, usipige stori umeegemea sululu. Mkiwa na mashine mbili kaeni mbali mbali, mita 30 au zaidi. Karibu na nyaya za umeme jaribu tu lakini usitegemee sana.

Hiyo "tik" ya mwisho wa kulia ni waya. Ufungue kwenye fimbo uuzungushe upya ubane vizuri usicheze, hasa pale unapoingilia kwenye sahani. Na fungua lile kava la plastiki la chini ya sahani uangalie kuna nini.

---

KamweneNyakavangala

Kamweneee wote. Mimi nipo Iringa upande wa Nyakavangala, natumia Gold Monster 1000. Kwangu hamna mambo mengi hayo, sensitiviti naweka Auto inajipanga yenyewe natembea. Inajisawazisha ardhi yenyewe, ina kile kidude cha kuonyesha kama ni chuma au siyo chuma. Mnamtisha mwenzenu bure, hayo ma-geini na mastabilaiza ya nini.

---

MzeeWaMakongolosi

Kamwene ndugu wa Iringa. Mashine yako ni nzuri na kwa vipunje vidogo sana vya juu inaishinda hata ya huyu kijana, sibishi hilo. Lakini ni mashine ya aina nyingine, hiyo inatumia mawimbi ya mfululizo ya kilohezi 45, ya kijana ni ya kupiga na kunyamaza, inapiga umeme inazima inasikiliza. Kwenye chuma kingi kama huku, ya kupiga na kunyamaza ndo inavumilia na kwenda chini. Ila gharama yake ni kwamba haikusaidii sana kutenganisha msumari na dhahabu, inabidi uchimbe. Kwa iyo ukimwambia aweke Auto atatafuta hicho kitufe mpaka kesho.

Na hata wewe, ukiona Auto yako inashusha sana kwenye udongo mkali, jaribu kuweka mwenyewe, panda namba moja moja kwa mtindo ule ule. Kanuni haibadiliki.

Misumari unayotoa kijana isikukatishe tamaa. Huku Lupa watu walijaa miaka ya 1930 wakitafuta dhahabu ya kuosha, waliacha makopo, misumari, maganda ya risasi. Ukiona maganda ya risasi na misumari mizee ya kufua, jua umesimama palipokuwa na kambi, na walikuwa hapo kwa sababu. Wao hawakuwa na kitu cha kuona chini ya ardhi.

---

KamweneNyakavangala

Mzee nimekuelewa, sikujua kama ni aina mbili kabisa. Nitajaribu hiyo ya kupandisha mwenyewe.

---

MamaLeseni

Nimesoma yote na nimeona hakuna aliyesema hili kwa hiyo nalisema mimi. Nina leseni ya uchimbaji mdogo huku Sangambi na ninakaribisha vijana wenye ditekta kwa makubaliano ya maandishi, wanapata fungu lao, mzigo tunaenda nao wote soko la madini Chunya unapimwa mbele ya kila mtu. Sina ugomvi na ditekta hata kidogo.

Ninachowaomba ni hizo hedifoni. Eneo letu lina maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji, ya zamani yasiyofunikwa, mengine yameota majani juu huyaoni hadi umefika. Kijana amevaa hedifoni masikio yote mawili, sauti ful, macho yapo kwenye sahani, anarudi nyuma hatua tatu ili apite tena pale pale. Mwaka juzi mmoja alirudi nyuma hivyo hivyo kwangu, wenzake wanamwita kwa nguvu zote, hasikii. Mguu mmoja uliingia, akadakwa na mzizi wa mninga. Alitoka na michubuko tu namshukuru Mungu, lakini mimi ile sauti ya kokoto zilizoporomoka zikawa zinagonga chini muda mrefu bado naisikia.

Kwa hiyo mwanangu, sikio moja liache wazi, au tumia spika ndogo ya begani. Kabla ya kuwasha mashine zunguka eneo kwa miguu bila hedifoni, weka vijiti vyenye kitambaa kila penye duara. Na geini ikiwa imetulia volyumu haina haja ya kuwa kubwa, utasikia mashine na utasikia watu. Humo kwenye menyu pia kuna sehemu ya kuweka kikomo cha sauti, ukipita juu ya kopo isikupasue sikio. Uliposema unasikia wiii usiku ukilala hiyo siyo ya kuchekelea, masikio hayana spea.

Na mfukie mashimo. 43 kwa siku moja ni mashimo ambayo ng'ombe wa mtu atavunjika mguu, mwenye shamba akishakasirika hatawarudisha tena nyie wala wengine. Kama mpo kwenye eneo la leseni ya mtu mhakikishe anajua mpo.

---

SululuMkononi

Mama umeongea kitu kikubwa sana. Hilo la kurudi nyuma nimelifanya mara nyingi mno.

---

FundiMwanjelwa

Naongezea kitu kimoja cha mazoezi kabla hajarudi porini. Tafuta risasi za nyavu, zile za wavuvi, ukipata mtu anatoka Kyela au Matema akuletee. Katakata vipande vidogo, kimoja kama punje ya mchele, kingine kama punje ya mahindi, vifue viwe bapa bapa. Madini ya risasi yanalia karibu sawa na dhahabu kwenye ditekta. Fukia kimoja sentimita 10, kingine 20, alafu pita na geini 20, pita na 9, pita na threshodi imezimwa, pita ikiwa imewashwa. Waite na wenzako wavae hedifoni wasikilize wenyewe. Hapo mtamaliza ubishi wenu wa ful bila kugombana.

---

MtotoWaLupa

Wakuu nimerudi, zimepita siku nne, nina mengi.

Kwanza Mama pole kwa yaliyokukuta na asante. Tumezunguka eneo lote tumeweka vijiti, tumepata maduara sita, mawili hatukuwa tunayajua kabisa na moja lipo hatua kama nane tu na sehemu tuliyokuwa tunapiga kila siku. Mwenye leseni tumekaa naye tumeandikiana. Mashimo tumefukia yote, imetuchukua asubuhi nzima.

Pili ile kava ya chini ya sahani. Nilifungua nikiwa nimekaa kwenye gogo nimetandika mfuko wa salfeti chini. Wakuu! Humo ndani mlikuwa na mchanga mweusi umejaa pembeni kote kama unga wa ulezi, mzito, unang'aa, nimeuweka kwenye kiganja nikapitisha sumaku wote ukaruka ukaganda kwenye sumaku hamna hata chembe iliyobaki mkononi. Yani siku zote tulikuwa tunatembea na chuma chetu wenyewe ndani ya mashine. Nimefuta kwa kitambaa kikavu, nimeziba pembeni kwa selotepu, waya nimeuzungusha upya nikafunga kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Ile "tik" imeisha palepale.

Sahani yangu ni Mono na swichi ilikuwa sehemu yake, hilo lilikuwa sawa. Nimerudisha setingi za kiwandani, nimesawazisha ardhi kama mzee alivyosema, nilikosea mara ya kwanza nilisawazishia juu ya kitu nikahama hatua kadhaa nikarudia. Geini 8 ikatulia, 9 ikatulia, 10 ikaanza kukwaruza kwenye wekundu, nimebaki 9. Kwenye changarawe za korongoni imekubali hadi 12. Toni nimeshusha kidogo na nimegundua zile nyembamba ndo zilikuwa zinanichosha kichwa.

Risasi za nyavu sikupata ila nilipata kipande cha risasi kwa jamaa wa betri za magari, nikakifua. Tumefukia kama fundi alivyosema. Kwenye ful mwenzangu anayetaka kuuza alivaa hedifoni akapita mara tano juu ya ile ya sentimita 20 hakujua kama amepita. Kwenye 9 na threshodi ya mbu alisimama pale pale mara ya kwanza, akainua mkono bila kusema kitu. Hajaongelea kuuza tena.

Sasa jana. Tulikuwa korongoni upande wa juu wa ile kambi ya zamani, saa moja na nusu asubuhi kumepoa, hamna upepo. Napita taratibu, sikio moja wazi. Sauti ikainama. Haikupiga, iliinama tu ikarudi kama yule mtu na kibatari, ningekuwa vile vya zamani nisingejua. Nikapita tena kwa upande mwingine ikainama pale pale. Nikakwangua juu kwa mguu, sauti ikaongezeka kidogo, nikachimba kiganja kimoja ikaongezeka zaidi, haikuhama, ndo moyo ukaanza kunienda mbio. Sentimita kama 18, nikachota udongo kwenye kikombe cha plastiki nikawa nagawa nusu kwa nusu napitisha juu ya sahani, nusu hii kimya, nusu hii inalia, mpaka kikabaki kiganjani na udongo kidogo, nikatema mate nikasugua kwa kidole gumba.

Njano.

Kimepimwa leo soko la Chunya, gramu 0.9. Bapa, pembeni pamechongoka, katikati kuna kijiwe cheupe kimeng'ang'ania. Najua kwa wakongwe ni kidogo lakini wenzangu walikaa chini wote wawili.

Mzee, naomba nikuulize, hapo sasa niendelee mbele na korongo au nibaki?

---

MzeeWaMakongolosi

Hongereni sana wanangu, hongereni. Hicho chenye kijiwe cheupe na pembe kali hakijasafiri mbali, maji yakiburuta dhahabu muda mrefu huwa inakuwa laini kama kokoto ya mtoni. Kimetoka karibu hapo.

Msiende mbele. Fungeni kamba mistari ya mita moja moja, mpite mstari kwa mstari kwa upande mmoja, mkimaliza mpite kwa kukatisha. Alafu kwangueni udongo wa juu kiganja kimoja eneo lote, msawazishe ardhi upya, mpite tena. Pandeni na ukingoni upande wa juu, mtazame mawe meupe ya kwazi yanatokea wapi. Geini anzeni tena 9, msikilize ardhi inasema nini.

Na yule mwenzenu aliyetaka kuuza mpeni hedifoni yeye kesho. Mtu aliyesimama pale pale mara ya kwanza ana sikio.